Kodi ya Nani Inapunguzwa?

Katika chumba ninacholala upo ubao wa shule. Umechukua karibu ukuta mzima, una fremu ya mbao na kibao chembamba cha kuwekea chaki, na mwanangu huutumia kuandika majina ya wanyama kwa Kiswahili ili asiyasahau. Jengo tunaloishi lilikuwa shule ya msingi, la matofali, ghorofa mbili, na lilifungwa watoto walipopungua mjini. Mwaka 2011 lilifunguliwa tena likiwa na nyumba 28 za kupangisha. Korido bado ni pana kama ya shule, na nje ya mlango wangu bado lipo bomba la maji ya kunywa lililowekwa kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Wageni hudhani mwenye jengo aliviacha vitu hivyo kwa mapenzi. Aliviacha kwa sababu sehemu ya fedha za ukarabati ilitokana na kipunguzo cha kodi cha majengo ya kihistoria, ambacho serikali kuu ya Marekani hutoa kwa kiwango cha asilimia 20 ya gharama zinazokubalika, na wakaguzi wa Idara ya Hifadhi za Taifa hawapendi kuona ubao na korido vikivunjwa. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na kipunguzo kingine, kile cha nyumba za watu wa kipato cha chini. Hicho ndicho ninachotaka kukieleza, kwa kuwa kwa miaka mingi nimekuwa nikikitafsiri kwa watu, na mwanzoni nilikitafsiri vibaya.

Mji wetu uko jimbo la Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi na soya, na uhai wake unategemea kiwanda cha nyama ya nguruwe. Kiwanda ndicho kilichowaleta Wakongomani na Warundi, wengi wao wakiwa wamepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sisi Watanzania wachache tuliowafuata. Mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo Kiswahili cha Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo, hakinipi tabu, na kazi yangu ya ukalimani ilianzia zahanati, ikaenda shuleni, ikaishia katika ofisi za kupangisha nyumba.

Tatizo la tafsiri lilikuwa hili. Katika Kiswahili neno kodi lina kazi mbili: tunailipa serikali kodi, na tunamlipa mwenye nyumba kodi. Wiki ya kwanza niliyoitwa kutafsiri fomu za jengo hili, nilimwambia mzee mmoja wa Uvira kwamba hizi ni "nyumba za kipunguzo cha kodi". Akafurahi sana. Alisikia kwamba kodi yake ya pango itapunguzwa kulingana na mfuko wake, na akaenda kuwaambia jamaa zake hivyo hivyo. Baada ya miezi minne saa zake za kazi zilipunguzwa kiwandani, akaja mlangoni kwangu na hati yake ya mshahara mkononi, akaniomba nimsindikize kwa meneja ili kodi nayo ishushwe. Meneja alisoma ile hati, akairudisha taratibu, akasema kodi haishuki. Mzee hakunigeukia kwa hasira. Aliniuliza tu, "Dada, sasa kile kipunguzo ni cha nani?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia katika mikutano ya halmashauri ya mji, na jibu lake ni kwamba kinachopunguzwa ni kodi ya benki.

Sheria yenyewe ilitiwa saini na Rais Ronald Reagan mwezi Oktoba 1986, ndani ya mageuzi makubwa ya kodi ya mwaka huo, na mwaka 1993 Bunge likaifanya kuwa ya kudumu. Inafahamika kwa namba ya kifungu chake, Kifungu cha 42, na tangu hapo zaidi ya nyumba milioni 3 zimejengwa au kukarabatiwa kwa njia hiyo kote Marekani. Serikali kuu haijengi nyumba hizo wala haimiliki hata moja. Tuseme kuna jengo ambalo gharama zake zinazohesabiwa, thamani ya ardhi ikiwekwa kando, ni dola milioni 8. Chini ya kile kinachoitwa kipunguzo cha asilimia tisa, mradi hupewa haki ya kupunguza kodi ya serikali kwa dola 720,000 kila mwaka kwa miaka 10, yaani dola milioni 7.2. Mjenzi mwenyewe hana kodi kubwa kiasi hicho ya kupunguza, kwa hiyo huiuza haki hiyo kwa mwekezaji, mara nyingi benki, na ikiwa benki italipa senti 85 kwa kila dola moja, mjenzi anapata dola milioni 6.12 mkononi kabla hajakopa kitu. Kinachobaki ni chini ya milioni 2. Mkopo ukiwa mdogo, marejesho yake ni madogo, na marejesho yakiwa madogo kodi ya pango inaweza kuzuiwa isipande. Kwenye karatasi benki inakuwa mmiliki wa asilimia 99.99 ya jengo, na yule anayeamka usiku bomba likipasuka anamiliki sehemu iliyobaki. Benki nazo zina sababu ya pili ya kununua: ipo sheria ya mwaka 1977 inayozitaka zihudumie maeneo yale yale zinakochukua amana za watu, na uwekezaji wa namna hii huhesabiwa.

Mpango huu ni wa werevu, lakini nyumba ya maskini inakuwa inategemea faida ya benki. Benki zilipoyumba mwaka 2008 zikakosa faida ya kutozwa kodi, thamani ya vipunguzo ilianguka, miradi ikakwama nchi nzima, na mwaka uliofuata Bunge likalazimika kuruhusu majimbo yabadilishe vipunguzo kuwa fedha taslimu. Kodi ya makampuni iliposhushwa kutoka asilimia 35 hadi 21 kwa sheria ya mwaka 2017, bei ya vipunguzo ilishuka tena, kwa sababu mtu mwenye kodi ndogo hana haja kubwa ya kuipunguza. Huko Uvira hakuna aliyewahi kuwaza kwamba paa lake lingetegemea kiwango cha kodi ya kampuni asizozijua.

Kwa mji mdogo kuna ugumu wa ziada. Vipunguzo vya asilimia tisa hugawiwa kwa majimbo kwa idadi ya watu. Mwaka 2025 kila jimbo lilipewa dola 3 kwa kila mkazi, na majimbo madogo kabisa yakawekewa kima cha chini. Iowa ina watu wapatao milioni 3.2, maana yake ni kama dola milioni 9.6. Ukizigawa kwa dola 720,000 za jengo letu la mfano hupati hata majengo 14 kwa mwaka, na jimbo lina kaunti 99. Ipo njia nyingine, ya asilimia nne, inayoambatana na hatifungani, ambayo haina ushindani mkali kiasi hicho, lakini gharama za wanasheria na wahasibu wake ni kubwa mno kwa jengo la nyumba 28. Kwa hiyo miji kama wetu husubiri zamu kwenye foleni ya asilimia tisa, na mji ukibahatika kupata jengo moja, unaweza kukaa miaka mingi kabla ya kupata la pili. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeongeza mgao wa majimbo kwa asilimia 12 kuanzia mwaka 2026, na ninaishukuru nyongeza hiyo kwa dhati, ingawa kwa mfano wetu haifikishi hata majengo mawili zaidi kwa jimbo zima.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee kuhusu kodi yake mwenyewe. Kiwango cha juu cha pango katika nyumba hizi kinatokana na kipato cha kati cha eneo na idadi ya vyumba vya kulala. Kipato chako wewe kinatazamwa ili kujua kama unaruhusiwa kuingia, kisha kinawekwa pembeni. Ikiwa kikomo cha asilimia 60 ya kipato hicho cha kati kwa nyumba fulani ni dola 50,000 kwa mwaka, sheria inachukua asilimia 30 ya hizo, inagawa kwa miezi 12, inapata dola 1,250, kisha inatoa makadirio ya umeme na gesi kama mpangaji anajilipia mwenyewe. Familia inayopata dola 50,000 itapumua. Familia inayopata dola 30,000 itatoa nusu ya kipato chake, na hakuna aliyevunja sheria. Mwenye nyumba anaweza kutoza chini ya kikomo, na wengine hufanya hivyo. Anayelindwa kweli ni mpangaji mwenye vocha ya serikali ya kusaidia kulipa pango, kwa kuwa vocha hufuata mfuko wake, na sheria inamkataza mwenye jengo kumkataa mtu kwa sababu ya vocha. Lakini foleni ya vocha ni ndefu kuliko foleni ya nyumba.

Watu wa mji huniambia kwamba nyumba kadhaa za watu binafsi hapa zinapangishwa kwa bei ile ile au chini yake, na wanasema kweli, kwa kuwa katika miji midogo pango la kawaida halipandi sana. Nimewahi kuishi katika mojawapo ya nyumba hizo. Madirisha yake yalikuwa na ukungu wa barafu kwa ndani, na mwezi wa Januari, wakati nje kuna nyuzi 20 chini ya sifuri, tulilala na makoti huku bili ya gesi ikikaribia nusu ya pango. Hapa kwenye shule ya zamani, joto linatosha. Kodi ni ile ile au imezidi kidogo, ila kinachonunuliwa nayo ni dirisha linalofunga, na mama mwenye mtoto wa kifua anajua thamani ya jambo hilo bila kufundishwa.

Sehemu inayonichukulia muda mwingi ni karatasi. Kwa miaka 15 ya kwanza, jengo likikutwa limempangisha mtu asiyestahili, mamlaka ya kodi inaweza kuidai benki sehemu ya kile ilichokwisha kupunguza, kwa hiyo meneja hukagua kila senti, na nimejifunza kutomchukulia kuwa mtu katili. Lakini fomu zake zimeandikwa na watu ambao hawakutufikiria. Kipato kinahesabiwa kizima, kabla ya makato, na pesa inayotumwa Nyarugusu kila mwezi kwa mama na wadogo haitolewi. Ovataimu ya wiki chache inakadiriwa kana kwamba itaendelea mwaka mzima. Nimeona familia ikikosa nyumba kwa sababu baba aliomba maombi yake mwezi Novemba, wakati kiwanda kinafanya kazi hadi Jumamosi.

Na upo upatu. Wanawake kumi na wawili hapa wanacheza upatu, dola 250 kila mwezi, na anayepokea hupokea dola 3,000 kwa mara moja. Dada mmoja alipoleta taarifa zake za benki, meneja alizungushia zile 3,000 kwa kalamu nyekundu na kuandika alama ya kuuliza pembeni. Kwake yeye kilikuwa kipato kilichofichwa. Nilikaa naye saa nzima nikimweleza kwamba pesa hizo ni za yule dada mwenyewe, zimerudi kwake baada ya kuzitoa kidogo kidogo, na kwamba katika miezi 11 mingine yeye ni mtoaji tu. Hakuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo. Hatimaye tulitunga barua ya kiapo, wanawake wote 12 wakatia saini, nasi tukaorodhesha tarehe ya zamu ya kila mmoja. Barua ilikubaliwa. Nakala yake ninayo kwenye folda, na tangu siku hiyo nimeitumia mara tano kwa kubadilisha majina.

Kuna uvumi mmoja ambao ningependa usomwe na kila anayeishi katika nyumba kama hizi. Watu wengi wanaamini kwamba mshahara ukipanda watafukuzwa. Namfahamu kaka aliyekataa usimamizi wa zamu ya usiku kwa hofu hiyo, akaendelea kukata nyama kwa miaka miwili mingine hadi kiganja chake kikawa hakikunjuki vizuri. Sheria haisemi hivyo. Aliyeingia akiwa anastahili haondolewi kwa sababu kipato chake kimeongezeka. Kikipanda kupita asilimia 140 ya kikomo, ni nyumba nyingine inayofuata kuwa wazi ndiyo lazima ipewe mtu wa kipato cha chini. Hakuna aliyemwambia, nami wakati ule sikuwa najua. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka jana, 2025, kila mlango wa jengo letu ulibandikwa karatasi iliyosema kwamba umiliki unabadilika. Haikusema zaidi ya hapo. Majirani walianza kuulizana kwenye chumba cha kufulia kama tutahamishwa, na mama mmoja akaanza kukusanya maboksi kutoka dukani. Nilijua vya kutosha kuogopa, kwa sababu nilijua hesabu ya miaka. Benki hupunguza kodi kwa miaka 10. Masharti makali yanadumu miaka 15. Kisha, kwa majengo yaliyopewa vipunguzo tangu mwaka 1990, kuna miaka mingine 15, jumla 30, ambamo kodi za pango zinaendelea kuzuiwa. Benki ikiisha kuchukua chake haina sababu ya kubaki, na mwaka wa 15 ndio hasa mwaka ambao majengo haya hubadilisha mikono. Na ndani ya sheria upo mlango wa kutokea: baada ya mwaka wa 14 mwenye jengo anaweza kulitaka jimbo limtafutie mnunuzi kwa bei inayotokana na kanuni maalumu, na ikiwa mwaka utapita bila mnunuzi kupatikana, masharti yanafutwa. Waliomo ndani wanalindwa kwa miaka mitatu tu, kisha jengo linakuwa la soko. Majimbo mengi sasa humtaka mwombaji aiache haki hiyo tangu siku ya kwanza. Swali langu lilikuwa kama mwenye jengo letu aliiacha.

Mkataba wa masharti haya husajiliwa pamoja na hati za ardhi, na yeyote anaweza kuusoma. Nilichukua ruhusa kazini nikaenda mahakama ya kaunti, ghorofa ya chini, kwa msajili wa hati. Mama aliyekuwa kaunta aliniuliza namba ya kiwanja, akaandika kwenye kompyuta, akaniletea kurasa 23, nami nikalipia nakala. Nilizisoma palepale kwenye benchi la korido. Ukurasa wa tisa ulikuwa na ibara moja ndefu, ya lugha ya wanasheria, nikaisoma mara ya kwanza bila kuielewa, mara ya pili kwa kalamu, na mara ya tatu kwa sauti ya chini kwa Kiswahili, kama ninavyofanya na mgonjwa aliye mbele yangu. Mwenye jengo ameiacha haki ya kutoka mapema, kwa niaba yake na ya kila atakayemfuata. Masharti yanakwisha tarehe 31 Desemba 2040.

Jioni hiyo niligonga milango mingine yote 27. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na niliisema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kirundi changu cha kujifunza ukubwani. Yule mama aliyekuwa akikusanya maboksi aliniomba nirudie mwaka, kisha akahesabu kwa vidole umri ambao mtoto wake wa mwisho atakuwa nao.

Si kila jengo lina ukurasa wa tisa wa namna hiyo. Ng'ambo ya reli kuna nyumba za wazee zilizojengwa kwa mkopo wa Wizara ya Kilimo, chini ya mpango wa vijijini ulioanza miaka ya 1960, na kwa miaka mingi msaada wa pango ulikuwa umefungamanishwa na mkopo. Mkopo ukimalizika kulipwa, msaada nao uko hatarini, na mikopo mipya ya kujenga haijatolewa kwa zaidi ya miaka 10. Wazee wale wengi ni wazungu waliozaliwa hapa hapa, waliolima mashamba haya, na hofu yao haina tofauti na yetu.

Sasa kuna mjenzi anayetaka kuomba kipunguzo kwa jengo jipya la nyumba 36, kwenye uwanja ulio nyuma ya duka la vyakula. Katika mkutano wa halmashauri watu wachache walisimama kulalamika kuhusu magari na maji ya mvua, na mmoja alisema kwamba jengo litaleta watu wa nje. Mimi niliomba kuona michoro. Kulikuwa na nyumba za chumba kimoja, nyumba za vyumba viwili, na nyumba nne tu za vyumba vitatu. Familia ninazozitafsiria zina watoto watano, sita, na bibi mmoja. Kwa kanuni ya kawaida ya watu wawili kwa chumba, hawatapangishwa hata nyumba zikiwa tupu. Nilimweleza mjenzi hivyo, naye akanijibu kwa heshima kwamba nyumba kubwa zina gharama kubwa na kwamba anachora kile kinachopata alama.

Alikuwa anasema kweli, na ndipo nilipoelewa mahali pa kupeleka maneno yangu. Alama zinawekwa na Iowa Finance Authority, wakala wa jimbo unaogawa vipunguzo, katika waraka unaoeleza ni mradi wa aina gani utapendelewa, na kabla waraka haujapitishwa wananchi hupewa muda wa kutoa maoni. Ukiandikwa kwamba nyumba za vyumba vitatu na vinne zina alama zaidi, wajenzi watazichora. Nimekuwa nikiwaambia majirani kwamba kupiga kelele kwa meneja ni kumwonea, kwa sababu naye anafuata karatasi, ila karatasi ile mama ya zote bado inaweza kubadilishwa maneno.

Tulikusanyika ubaoni, kwenye chumba changu, kwa kuwa ndicho chenye nafasi ya kuandika. Yule mzee wa Uvira ndiye aliyeshika chaki. Tulipeleka kurasa nne siku mbili kabla ya muda kufungwa, na ukurasa wa mwisho hauna maelezo yoyote, una mstari mmoja kwa kila familia: watu wangapi, vyumba vingapi.